Kamati ya Kuoanisha Okei

Umma unaarifiwa kwamba neno "okei", ambalo limetumika kiholela tangu lilipoingia nchini, sasa limewekewa utaratibu. Nilikuwa katibu wa Kamati iliyofanya kazi hiyo, na naomba niieleze bila kumlaumu mtu.

Chanzo ni Mama Chai wa ofisi yetu. Alimwomba Mkurugenzi ruhusa akamuuguze bintiye aliyejifungua kwa upasuaji. Mkurugenzi, macho yakiwa kwenye simu, akajibu, "Okei." Mama Chai akaenda. Aliporudi, ofisa utumishi alimwambia kwamba ameshafukuzwa kwa utoro.

Mkurugenzi alifafanua kwa upole kwamba kwao okei maana yake ni "nimekusikia". Mama Chai akasema kwao ni ruhusa, na mtu mzima akishaitoa hairudishi mfukoni. Kwa kuwa wote wawili walikuwa wakweli, Kamati ikaundwa, na Mama Chai akaambiwa asubiri nyumbani.

Tulizunguka mikoa. Milimani, okei husemwa ili mgeni aondoke. Bondeni, huanzisha maongezi upya baada ya watu kuagana. Mjini, okei ya kuvuta ni hasira. Ya mkato, mtu hakuwa anasikiliza. Dereva wetu alisema kwake ni jibu la mke aliyenuna, tukaiweka chini ya "mengineyo". Mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu, alipendekeza ichorwe ramani ya rangi. Tukamwambia okei. Haijachorwa hadi leo.

Hatimaye tukaazimia: okei haina nguvu ya kiserikali mpaka iandikwe na kugongwa muhuri. Mkurugenzi mwenyewe akaongeza kifungu kwamba agizo linahusu pia okei zote zilizotangulia, Mama Chai asije akapata mwanya. Akasaini papo hapo.

Kesho yake ofisa utumishi, mama mmoja mtaratibu sana, akaanza utekelezaji. Akakumbuka kwamba alipouliza kama Mama Chai afukuzwe, Mkurugenzi alijibu okei. Basi Mama Chai akarudishwa jikoni. Kisha ofisa akafikia faili la Mkurugenzi, ambaye alipaswa kustaafu tangu mwaka juzi. Waziri alikuwa amemwongezea muda, wakipishana kwenye ngazi, kwa okei.

Mlinzi akamzuia Mkurugenzi getini kwa heshima zote.

"Shikamoo, mzee. Kaa hapo benchi kwanza."

"Kijana, hunijui?"

"Nakujua sana, mzee. Karatasi yako ndiyo sijaiona."

Mama Chai akamletea chai hapo benchini, akamuuliza kama sukari inatosha. Mkurugenzi akasema inatosha. Kisha akamsihi mlinzi apige simu kwa Waziri aulize, maana jambo lenyewe ni dogo.

"Okei," mlinzi akasema, akainama kufunga kamba ya kiatu.

Mkurugenzi akasubiri. Kiatu kilipokwisha, mlinzi akaanza cha pili. Mkurugenzi akaweka kikombe chini taratibu.

"Okei ya wapi hiyo, mwanangu?"