Nitapanda Vilima Vyote

Jumatatu, 3 Machi
Nimetangaza! Kwa kinyozi, mbele ya watu, povu likiwa bado shavuni. Nitapanda vilima vyote vya nyuma ya mji, kutwa nzima kwa miguu, kumchangishia Mama Cherehani kiti cha magurudumu. Jirani yetu huyu ndiye aliyenishonea sare zote za shule. Tangu miguu imgomee hajavuka kizingiti. Nia njema kabisa. (Ukweli: shemeji yangu, mume wa dada, kanunulia shule tangi la maji, sasa kila mtu anamwita Mheshimiwa. Mimi wananiita Bwana Mipango, tena kwa kucheka.)

Jumatano, 5 Machi
Wafadhili wagumu! Mwenye bucha kasema kwanza anione nikipanda ngazi bila kuhema. Mfamasia kaniuliza kama shemeji anajua. Nikamwendea Mzee Miche, mwenye kitalu cha miti karibu na hospitali. Kauliza, hivi kweli utavipanda vile vilima vyenye upara? Nikamjibu nitavipanda kuanzia chini hadi kileleni, sitabakisha hata kipande. Machozi yakamlengalenga. Kasema miaka yote alimngoja mtu wa namna hii. Kazi ikifanyika, kiti atanunua yeye. Hakuuliza hata kama nina viatu. Muungwana!

Ijumaa, 7 Machi
Mazoezi: ngazi za nyumbani, kupanda na kushuka. Magoti yamelia. Mke wangu pia, kwa kicheko. Nimebuni njia. Nikishapotea machoni pa watu, bodaboda atanizungusha kwa barabara ya nyuma, nitokee ng'ambo nikitweta. Akili ni mali!
Jioni Mama Cherehani kaniita. Kanishonea fulana. Mgongoni kadarizi kwa uzi mwekundu: NITAPANDA VILIMA VYOTE. Kasema macho siku hizi hayamsaidii, nimsamehe kama herufi zimepinda. Haikupinda hata moja. Bodaboda sikumghairi.

Jumapili, 9 Machi
Aibu. Aibu tupu.
Chini ya kilima cha kwanza nimekuta lori. Limejaa miche! Na majembe! Mzee Miche kashika kipaza sauti, anamshukuru kijana aliyeahidi kuvipanda vilima vyote miti, kuanzia chini hadi kileleni. Ningesema tu kwamba nilimaanisha kukwea. Watu wangecheka, yangeisha. Badala yake nikasema naam, ndivyo nilivyopanga tangu mwanzo.
Nikachimba shimo, nikapanda mche pamoja na kifuko chake cha plastiki. Wa pili vivyo hivyo. Nikaaga kwamba naenda kukagua udongo wa kule juu, nikamkimbilia bodaboda. Kumbe barabara ya nyuma imefungwa! Dereva kanirudisha palepale, mbele ya kadamnasi, fulana haina hata vumbi.
Shemeji alikuwa na udongo mpaka masikioni. Tena ndiye aliyemleta Mama Cherehani kwa mkokoteni, aje anione nikipanda. Nikamkuta mama huyo kaketi chini, anaifukua miche yangu, anaichania vifuko, anairudishia mashimoni. Hakunigombeza. Kaniuliza tu, mwanangu, umechoka? Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 15 Machi
Kiti kimefika. Mzee Miche kakinunua kwa heshima ya waliopanda. Sikutajwa, na ni haki.
Leo Mama Cherehani kajisukuma mwenyewe hadi mlangoni kwangu. Mlango wa kwanza kuutembelea! Nikafikiri amekuja kunisamehe. Alikuja kuomba ile fulana ayafumue maandishi, uzi bado mzuri. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nililia, kweli nililia, naye akanisubiri nimalize.
Kisha nikamwomba afumue VILIMA VYOTE tu. NITAPANDA aiache, mbele yake aweke BAISKELI. Kinyozi nimeshamwambia: safari ndefu ya hisani, mwezi ujao. Kuendesha sijui. Lakini pikipiki nayo ina magurudumu mawili, na kwa mbali nani atatofautisha?