Pweza wa Mwalimu Niliyewekewa

Leo nimeaibika, tena ndani ya nyumba yangu, sina hata pa kukimbilia.

Sikilizeni, mama zangu wa kikundi. Nasema kwa mdomo hapa kwenye simu maana kuandika sijui, na nasema mwenyewe kabla jirani yangu Mama Paskali hajawafikia. Yeye ataongeza chumvi.

Mnamjua mpangaji wangu, Mwalimu Zuhura, yule wa Tanga anayevaa sweta mbili na bado anatetemeka. Anafuga pweza. Chumbani! Amemtengenezea sanduku la kioo, maji ya chumvi, mawe chini, na kamashine kanakopuliza hewa blubu blubu mchana na usiku. Alimtoa kwa wavuvi kwao, akapanda naye basi kamkumbatia kwenye ndoo (nauli hakumlipia). Anamwita Sultani. Miguu minane, na hakuna hata mmoja uliowahi kwenda shambani.

Mimi nikawa namtania. Sokoni, kanisani tukitoka misa, nasema siku mwalimu akisafiri huyu namla na ugali. Watu wanacheka, na mimi nacheka. (Kumbe najitengenezea kesi.)

Leo asubuhi, ukungu bado umelala, mwalimu akaondoka kwenda semina Babati, arudi jioni. Akanipa ufunguo. Ile sauti yake ya pwani, maneno yanateleza kama yamepakwa samli: "Bibi yangu, nakuwekea Sultani. Mpe samaki wake, kisha funika, weka na tofali juu. Ana akili huyu. Ukimwachia upenyo anatoka, na nje ya maji hakai, anakufa." Halafu akasema polepole kwamba huku hana ndugu. Akitoka shule, anayemngoja ni huyo tu.

Hapo sikutania. Kwetu mnyama ukiwekewa, umewekewa. Ng'ombe, mbuzi, hata huyo.

Nikaingia na kipande cha samaki wa ziwa la Basotu. Nikafungua mfuniko, nikatumbukiza. Akanyoosha mkono akakichukua, akakificha kwapani kama bibi harusi anaficha zawadi. Mara nasikia harufu. Maziwa yangu yamechemka, yanamwagikia moto jikoni. Nikakimbia.

Mfuniko nikauacha wazi.

Niliporudi, hayupo. Maji yapo, mawe yapo, Sultani hayupo.

Mama zangu! Nikainama chini ya kitanda. Nikakung'uta viatu vya mwalimu. Nikafungua gunia la unga. Nikaenda zizini nikapekua majani ya ndama, naita "Sultani, Sultani, njoo baba," kama naita mbuzi. Na kichwani nasikia neno moja tu, nje ya maji hakai. Nilikuwa naona yule binti anashuka kwenye basi, anafungua mlango, anakuta maji matupu.

Mama Paskali akanisikia, akaja. Mnaijua sauti yake, ile ya puani: "Mimi sisemi kitu, mimi naangalia tu." Akaangalia. Akaenda moja kwa moja jikoni kwangu, akafunua sufuria.

Akanusa.

"Maziwa," nikamwambia.

"Sijasema kitu," akasema.

Lakini wote mnajua sheria yetu. Ng'ombe wa mtu akikufia, unampelekea mwenyewe ngozi. Huna ngozi, umemla au umemuuza. Na mimi ndiye niliyetangaza tarafa nzima kwamba nitamla! Nikaona heri niite shahidi mwenyewe. Alasiri nikamwita balozi wetu wa nyumba kumi, Tluway, yule mnayemjua hasemi bila kukohoa kwanza, hata akiomba maji ya kunywa.

"Ehem. Ngozi iko wapi?"

Nikamwambia pweza hachunwi.

"Ehem. Basi mifupa."

Nikasema sijui kama anayo. Akanitazama kama anamtazama mtu aliyeshashindwa kesi. Akasema kila kilichoumbwa kikatembea kina mifupa, kwa hiyo maji yachotwe, mawe yainuliwe, tuone kilichobaki.

Tukaanza kuchota. Ndoo ya kwanza, ndoo ya pili. Mama Paskali anauliza kama hayo maji ya chumvi ng'ombe wake wanaweza kupewa. Simu ikalia. Mwalimu. Yuko Dareda, basi linapanda huku. "Bibi, Sultani amekula?"

Nikasema amekula.

Si uongo, alikula. Mengine sikuulizwa. (Lakini jasho lilikuwa linanitoka, na baridi yote hii ya Mbulu.)

Jua linaelekea kuzama, maji yakafika karibu na chini. Mawe yakatokeza migongo. Balozi akaninyooshea kidole. "Ehem. Wewe uliyewekewa, inua."

Nikakunja mkono wa gauni, nikaingiza mkono mpaka begani. Jiwe la kwanza, jiwe. La pili, jiwe. La tatu lilikuwa laini.

Na likanishika.

Baridi, linafyonza kama ulimi wa ndama, linapanda mkononi huku nalitazama. Halafu lile jiwe likafungua jicho. Mdomo wangu huu, unaoiga kila mtu, ukatoa neno moja tu.

"Shikamoo."

Mimi! Ninayeamkiwa na watoto na wajukuu, ninayeamkiwa na balozi mwenyewe. Na balozi, kwa kuzoea cheo, akaitikia nyuma yangu, "Marahaba." Bila hata kukohoa.

Mlangoni kuna mtu. Mwalimu Zuhura, begi bado begani. Ndoo kila mahali, balozi kasimama kama mlingoti, na mimi nimeinama ndani ya sanduku lake, nimekumbatiwa.

Hakupiga kelele. Akapiga magoti. "Rudisheni maji. Taratibu."

Tukarudisha. Sultani akaanza kuacha rangi ya jiwe, akawa mwekundu, akaniachia mkono kidogo kidogo kama anafungua vifungo. Kumbe hakutoka hata kidogo, akiogopa anageuka rangi kama mahali alipokaa. Mwalimu alishaniambia zamani, nikadhani ni yale maneno ya watu wa pwani.

Nikamwambia yote. Mfuniko, maziwa, na lile "amekula" la kwenye simu. Nikamnyooshea ufunguo. Nilijua kesho anafunga mizigo.

Akautazama mkono wangu, umejaa alama za duara kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa sakafuni kwenye maji, machozi yanamtoka, nami sijui kama ni ya kicheko au ni yale mengine. Kisha akanifunga vidole juu ya ufunguo. "Kaa nao, Bibi. Ila usiseme tena ugali mbele yake."

Sitasema.

Jumapili nitavaa mikono mirefu, msiniulize kwa nini. Chekeni leo, mmalize. Ila atakayekutana nami njiani akaitikia marahaba kabla sijafungua mdomo, huyo chai kwangu asahau.