Kidole Kile Hakikuwa Changu

Clarrie Hocking,
Barabara ya Mto Mkavu,
Tarrabeen.

Kwa Mhariri,
Gazeti la Wiki la Tarrabeen.

Ndugu Mhariri,

YAH: KUOMBA NITANGAZWE MCHOYO

Pokea salamu, na pole kwa joto. Mimi ni mzima wa afya ila nimechafuliwa jina, na aliyenichafua ni wewe. Wiki iliyopita uliandika, chini ya picha niliyopigwa nikiwa nimefumba macho, kwamba Clarrie Hocking ni "mtu mkarimu ambaye hajawahi kumnyima mtu gari lake". Tangu siku hiyo sijanywa chai ikiwa bado moto, kwa jinsi mlango unavyogongwa.

Gari lenyewe unalijua. Ni Holden ya mwaka 1955, juu rangi ya maziwa, chini kijani. Marehemu baba alilinunua jipya kwa pesa za sufu, nami nimelitunza kuliko meno yangu. Wilaya nzima hakuna lingine, na balaa linaanzia hapo, kwa sababu watu hawamwangalii dereva. Wanaliona gari, wanasema "Clarrie huyo," kisha wananyanyua kidole juu ya usukani kunisalimu, kama inavyompasa mtu yeyote mwenye malezi barabarani. Atakachojibu dereva kinahesabiwa kuwa jibu langu. Kwa hiyo ninayemwazima gari nakuwa nimemwazima na uso wangu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mpwa wangu Darryl, mtu wa jiji la Melbourne, aliliomba kumpeleka bibi harusi kanisani. Alilirudisha na mchele wa kuwarushia maharusi mpaka ndani ya redio. Hilo nimelisamehe. Lakini aliendesha kilomita arobaini bila kunyanyua kidole hata mara moja, mikono yote miwili kwenye usukani kama anafanya mtihani wa leseni. Kesho yake Bluey Trethewey wa duka la pembejeo aliniuzia waya wa uzio huku akitazama dari. Nilipomuuliza kulikoni, akafoka, "Si umekuwa bwana mkubwa siku hizi! Nimekunyanyulia kidole pale darajani, ukanipita kama nguzo ya simu!" Nikamweleza kwamba alikuwa Darryl. Akasema, "Aibu, Clarrie. Mpaka mtoto wa dada yako unamsingizia?"

2. Nikaweka sharti kwamba anayeazima lazima asalimie. Mchungaji Fenwick, ambaye gari lake lilikuwa limeharibika, alilipokea sharti hilo kwa moyo wote. Alitoa mkono mzima nje ya dirisha na kumpungia kila kiumbe, ng'ombe wakiwemo, na honi juu. Jioni ile nilipigiwa simu na nusu ya mji kuulizwa kama nimeshinda bahati nasibu au nimeanza kuchanganyikiwa. Muuguzi wa zahanati alikuja mwenyewe kunipima presha. Akaikuta iko juu, na ilipandishwa na yeye.

3. Kiti husogezwa nyuma, na hakuna anayekirudisha. Mimi nina miguu mifupi.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Tegan, binti wa mwalimu mkuu, aliliomba gari aende nalo kwenye dansi ya kuwatambulisha wasichana waliokua pale ukumbini, na gauni lake jeupe. Alipita getini kwa Noelene Pascoe wakati Noelene anatoa barua kwenye sanduku, jua likimpiga machoni. Tegan akanyanyua kidole.

Ndugu Mhariri, mimi na Noelene tulikuwa hatujanyanyuliana kidole miaka tisa, tangu kondoo dume wake, asiye na ukoo wa maana, aliporuka uzio wangu na kuwapa mimba kondoo wangu wa merino, wenye sufu ya thamani, naye Noelene akaniambia nishukuru kwa huduma ya bure. Tukipishana barabarani, kila mmoja alikuwa akijifanya anatafuta stesheni ya redio. Ulikuwa ugomvi mzuri, uliotulia, usiomsumbua jirani yeyote. Msichana wa watu ameuua kwa kidole kimoja!

Kesho yake Noelene alisimama mlangoni kwangu na keki ya sponji. "Nimekiona kidole chako," akasema. "Nilidhani utazikwa nacho mfukoni, mzee mkaidi wewe. Kisu kiko wapi?" Kabla sijaeleza chochote alikuwa jikoni anafungua madroo. Ilinibidi nile vipande vitatu, kwa adabu tu. Kisha akaigiza jinsi kondoo wake alivyoruka ule uzio, nami, kwa kushtukizwa, nikacheka mpaka nikapaliwa. Tangu mke wangu Joyce afariki, jiko lile halikuwa limesikia kicheko. Nilifurahi, Ndugu Mhariri, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Maana tuangalie mambo yanakoelekea. Ikiwa kidole cha mtu mwingine kimenipatanisha bila idhini yangu, kesho kitanipa udiwani, na keshokutwa kitaniozesha.

Kwa hiyo naomba kwa heshima: uchapishe ukurasa wa mbele kwamba mimi ni mchoyo wa kuzaliwa; halmashauri igharamie kibao cha kuwekwa juu ya gari langu kikisema DEREVA SI CLARRIE; na Noelene Pascoe ajulishwe rasmi kwamba kidole kile kilikuwa cha Tegan, hivyo amani ile ni batili, ila keki isidaiwe, kwa kuwa haipo tena.

Nisalimie mpiga picha, nisalimie wote hapo ofisini, na yule paka wenu anayelala juu ya mashine.

Wako katika uchoyo,
Clarrie Hocking

Baada ya sahihi: Noelene amepita sasa hivi kuchukua sahani yake. Akanikazia macho. "Niambie ukweli, Clarrie. Bluey anasema siku ile ulikuwa umemwazima mtu gari. Kidole kile kilikuwa chako au hakikuwa chako?" Nikamwambia kilikuwa changu. Jumamosi nampeleka kwenye maonyesho ya wilaya, naendesha mwenyewe. Barua ningeichana, lakini stempu nimeshaibandika, kwa hiyo usichapishe hata neno moja. Na umwambie Tegan kwamba siku ile alikwenda dansini kwa miguu. Gari atalipata kila atakapolitaka, isipokuwa Jumamosi.