Tufani Golini

Jumatatu, 3 Juni

Dada amemleta mwanawe kliniki kwetu. Tunamwita Tufani: akipita, vikombe huaga dunia. Mtaalamu wa mazoezi anasema mtoto si mzembe, mikono na miguu yake haijaelewana tu. Dawa yake ni mchezo wa video! Unasimama mbele ya runinga, kamera inakuona, unakuwa kipa, unadaka mipira. Tufani kadaka hewa. Kakaa chini, kasema harudi tena. Dada akanitazama kana kwamba mimi, karani wa mapokezi, ndiye niliyeirusha. Nimeogopa. Lakini wazo ninalo.

Jumatano, 5 Juni

Kuwasha mashine ni kazi yangu. Leo nimeishusha kutoka "Kawaida" hadi "Chekechea". Tufani kadaka yote! Karuka, kacheka, kaniambia: Mjomba, leo mipira ina usingizi. Nikamwomba apunguze sauti. Jasho tupu.

Jumatatu, 10 Juni

Balaa. Mtaalamu kaona alama, kasema mtoto amepona, nafasi apewe mwingine. Nikamnong'oneza dada nilichofanya. Kayatazama magoti ya mwanawe, michubuko mitupu, akaniuliza kama kichwa nilipewa cha kufugia nywele. Tufani hakulia. Aliuliza tu nani atakuwa kipa. Hapo ndipo nilipoumia. Nimeomba ajaribiwe tena kesho.

Jumanne, 11 Juni

Nimeipandisha mashine hadi "Bingwa". Ashindwe vizuri, abaki! Mtaalamu akasema kwanza yeye mwenyewe amwonyeshe mtoto. Ole wangu. Mipira ikaja kama mvua ya mawe. Akarusha mikono, akajikanyaga, akaketi mezani kwangu, juu ya chai yangu. Tufani akamshika mkono, akambembeleza: asijali, mikono na miguu yake haijaelewana tu.

Mtaalamu akauliza nani kagusa mashine. Nikajibu kabla hajamaliza swali. Akairudisha "Kawaida". Tufani kadaka mmoja, kakosa mingi, ila safari hii hakukaa chini. Akadai mwingine. Anabaki! Mimi nimepigwa marufuku kuigusa mashine.

Jumatano, 12 Juni

Nimeapa: ujanja basi. Dada kapiga simu. Tufani kamimina chai mwenyewe, nusu ikaingia kikombeni. Dada alikuwa akicheka, nami nikacheka.

Wiki ijayo mtaalamu atampima kwa mpira halisi, ule mwekundu wa kabatini. Nimeukagua. Ni mgumu mno kwa mtoto. Mpira si mashine, na hakuna aliyenikataza mpira.

Nimeupunguza upepo kidogo tu.