Kambare Wanaotembea Bure

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Bi. Gerlach, mwalimu mstaafu wa hesabu na msimamizi wa ligi yetu ya besiboli ya kompyuta, ambayo sisi huchagua wachezaji na mashine ndiyo huwachezesha, ametutumia takwimu za msimu. Wenzangu hawazisomi. Mimi nilizisoma na kahawa, nikaisahau kahawa. Mrushaji akirusha mipira minne mibaya na mpigaji asiiguse, mpigaji anatembea bure hadi kituo cha kwanza. Uwanjani kwenyewe hutokea mara nane au tisa kwa kila zamu mia za kupiga. Kwenye kompyuta ya Bi. Gerlach ni mara kumi na tatu! Mashine ina huruma kupita kiasi, na aliyegundua ni mimi tu.

Nikanyamaza. Kabla dirisha la usajili halijafungwa nikampigia shemeji yangu Lyle, anayeongoza ligi. Nikampa majitu yangu mawili yanayopeleka mpira nje ya uwanja, nikachukua wapigaji watano ambao hawajui hata gongo la kupigia ni la kazi gani. Wao husimama tu. Lyle akauliza kama nina homa. Nikamwambia niko mzima kabisa. Akakubali kabla sijamaliza sentensi. Maskini!

Hatari? Hakuna. Timu yangu, Kambare wa Sandusky, ni ya tano kati ya sita, na Nyuki wa Toledo wako nyuma yetu kwa michezo miwili. Msimu unaisha Jumapili, na muhimu ni kutoshika mkia, maana kwetu bingwa ndiye humpa wa mwisho jina jipya. Jina la Kambare alilitoa marehemu baba, alipoanzisha ligi hii kwa dadu juu ya meza ya jikoni. Halibadilishwi nikiwa hai.

Jumanne, 4 Machi

Michezo mitatu, ushindi mara tatu! Kambare wangu wametembea bure mara ishirini na sita. Hakuna aliyepiga kitu cha maana. Mmoja amefunga alama bila kutoa jasho. Nikaandika kwenye kundi la ligi kwamba wenye akili bado wapo, ila ni wachache.

Lyle akajibu: "Shemeji, hiyo si timu, ni wazee wa mazoezi ya asubuhi." Watu wakacheka. Wivu mtupu.

Marlys, mke wangu na dada yake Lyle, aliniomba nikatupe takataka. Nikamjulisha kwamba mabingwa hawatupi takataka. Nikaenda kuzitupa.

Alhamisi, 6 Machi

Dhuluma! Tumecheza na Lyle mara tatu, tumefungwa mara tatu. Warushaji wangu wamewatembeza watu wake mara kumi na tisa. Kumi na tisa! Halafu likaja jitu langu la zamani, vituo vyote vimejaa, likaupeleka mpira nje. Lyle ameihonga mashine. Au basi mashine inampenda.

Kompyuta haiguswi katikati ya msimu mpaka mtu alete malalamiko ya maandishi yenye jedwali, na timu moja iyaunge mkono. Sheria hii aliitunga baba ili wavivu wasisumbue. Mimi si mvivu. Nimefungua anwani mpya ya barua pepe, nimejiita Mpenda Haki, nimeeleza kwa masikitiko makubwa na ya dhati kwamba matembezi ya bure yamezidi. Majedwali matatu. Moja la rangi!

Lyle ameunga mkono dakika ile ile. Mjinga huyo! Anajichimbia kaburi mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Kwaresima imeanza, kwa hiyo jioni ligi nzima tulikuwa ukumbi wa kanisa tukila samaki wa kukaanga. Bi. Gerlach aliweka kompyuta yake kando ya bakuli la kabichi. Akatangaza kwamba Mpenda Haki ana hoja, na kwamba ameshusha matembezi hadi mara nane kwa mia. Kwa timu zote. Nikapiga makofi. Nilipiga kwa nguvu, peke yangu, mpaka Marlys akaninong'oneza: "Sasa wale watano wako wasiopiga watafanya nini, mume wangu?"

Makofi yakaishia hapo.

Walisimama, ndicho walichofanya. Gongo begani kama watu walio kwenye foleni ya benki, mipira mizuri ikiwapita mitatu mitatu, wakitolewa mmoja mmoja. Nyuki wa Toledo wametufikia.

Nikamfuata Bi. Gerlach kwenye meza ya samaki, nikamdokeza kwamba huenda Mpenda Haki angependa kuiondoa barua yake. Akauliza nimejuaje. Nikasema nahisi tu. Akaniongezea samaki, akasema lete jedwali.

Jumapili, 9 Machi

Msimu umeisha. Tumeshika mkia.

Tulikusanyika sebuleni kwa Bi. Gerlach. Nilivaa kofia ya baba, ile yenye kambare aliyeshonwa na mama. Niliumia, sitaficha. Marlys alinishika mkono. Lyle, bingwa, akasimama na kadi, akakohoa, akasoma: "Kuanzia leo, timu ya shemeji yangu itaitwa Wapenda Haki wa Sandusky."

Sebule ikalipuka kwa kicheko. Kumbe walijua tangu Alhamisi! Bi. Gerlach alisema katika jimbo zima la Ohio ana mtu mmoja tu anayemwandikia "kwa masikitiko makubwa na ya dhati". Eti niliandika hivyo hata kwenye kadi yake ya siku ya kuzaliwa.

Baadaye Lyle akanivuta pembeni. Hakuwa anacheka. Akasema na yeye alimpenda mzee wangu, na kwamba nikimaliza msimu ujao bila hila wala barua, atasimama mwenyewe kuomba jina la Kambare lirudi. Machozi yalinilenga. Nikampa mkono. Nikaapa kwa kofia ya baba.

Nimerudi nyumbani, nimezipitia takwimu mara moja tu, kwa kujiliwaza. Wapigaji wanaogongwa na mpira, ambao nao hupewa kituo bure: mara mbili ya kawaida! Na hakuna aliyegundua! Nimeshaorodhesha wanaogongwa sana. Barua ya malalamiko nayo iko tayari, endapo mambo yatageuka, kwa masikitiko makubwa na ya dhati.

Ila safari hii nimeisaini kwa jina la Lyle.