Kiti cha Mikono

Jumanne, 3 Mei 1994

Mke wangu Kanyiva ameniambia habari mbaya nikiwa na chai mdomoni. Baba yake anakuja Nairobi mwezi ujao. Atahudhuria ufunguzi wa jengo jipya la baraza letu, pale Hurlingham. Anataka kuona mkwe wake anakalia kiti gani.

Mzee Mwendwa si mtu wa kudanganywa kwa viti. Alikuwa tarishi wa D.C. tangu ujana hadi kustaafu, na sheria ya viti anaijua kuliko Sala ya Bwana. Karani hupewa kiti kisicho na mikono. Ofisa hupewa cha mikono. Mkuu wa idara hupewa kile cha kuzunguka. Ukiingia ofisi yoyote huna haja ya kuuliza nani ni nani, angalia viwiko tu.

Siku ya posa nilimwambia mimi ni ofisa wa ugavi. Haukuwa uongo. Nilitangulia kidogo, baraza ndilo limechelewa kunifuata. Lakini kwa ajili ya huo uofisa mzee alimkataa mwalimu mkuu aliyekuwa akimtaka Kanyiva. Akinikuta kwenye kiti cha karani, sitaweza kukanyaga boma lake tena. Kusema kweli naogopa.

Hata hivyo, nani anayepiga taipu orodha ya samani za jengo jipya? Mimi, Hezekiah Ndeti. Kwa hiyo nilale.

Ijumaa, 6 Mei

Nimepata njia. Kabla kamati ya tenda haijakutana, seremala huleta kiti cha mfano ili wakubwa wakikalie. Kikishakaliwa hakirudi kwake. Hubaki ofisini kwetu kwa ajili ya kulinganisha. Na kulinganisha, nimeamua, kutafanyika mezani pangu hadi siku ya ufunguzi.

Nilikwenda kwa Pritam Singh, seremala wa nyuma ya Kirinyaga Road, nikamwagiza mfano wa kiti cha ofisa. Akashangaa, kwa kuwa oda kubwa ni ya makarani. Nikamwambia kamati inapenda vitu vizuri.

Kimefika leo asubuhi. Mvule mtupu, mto wa kijani. Nilikaa. Viwiko vyangu vilipata pa kulala kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Nanyama, karani wa meza ya pili, aliniuliza kama naumwa.

Kisha akaingia Bwana Were, mkuu wetu wa ugavi. "Ndeti, hii kiti ni ya nani?" Nikasema ni mfano, mheshimiwa. Akakaa. Akajinyoosha. Akafumba macho kwa muda, nikadhani amesinzia. Alipoinuka alisema kiti hiki kinahitaji kuchunguzwa zaidi, na uchunguzi wa namna hiyo haufanyiki kwenye kelele. Kufika saa ya chakula cha mchana kiti kilikuwa ndani ya Peugeot yake, miguu nje, kikielekea nyumbani kwake Lavington.

Mtu mzima hovyo.

Jumatatu, 9 Mei

Wikendi nzima sikutulia. Kanyiva anasema nageuka kitandani kama chapati. Lakini leo alfajiri nimeona kosa langu lilikuwa wapi. Nilitaka kiti kimoja. Kiti kimoja huonekana. Viti vya chumba kizima havionekani, ni mpango wa serikali.

Nikachukua orodha. Pale penye "viti vya makarani, bila mikono", nikapiga taipu upya bila lile neno la kukataa. Jambo dogo sana.

Kamati imekaa mchana. Nilijificha nyuma ya faili nikitoka jasho. Saa nzima waligombana kuhusu rangi ya mapazia ya mwenyekiti. Diwani Kinyanjui alitaka ya zambarau na hakutaka kusikia la mtu. Viti vikapita bila swali, isipokuwa Kinyanjui aliuliza kama kuna chakula.

Jioni Pritam akapiga simu. "Makarani yote mkono? Kweli, bwana Ndeti?" Nikamwambia asishangae, siku hizi ni vyama vingi.

Jumatano, 8 Juni

Tumehamia. Viti vimeshushwa tangu asubuhi na makarani wote wamechangamka. Mmoja alikuwa akipapasa mikono ya kiti chake kama mtu anayenunua ng'ombe. Hakuna aliyejua ni mimi wa kushukuriwa. Nikavumilia.

Halafu tukajaribu kufanya kazi. Meza za makarani ni nyembamba na zina droo pande zote mbili. Mikono ya kiti inagonga droo. Kiti hakiingii! Tulikaa mbali na meza zetu, tumenyoosha mikono kama watu wanaoota moto. Nanyama alipiga taipu kwa vidole viwili tu, vingine havikufika. Akasema aliyenunua viti hivi hajawahi kufanya kazi. Niliumia.

Hilo lingepita. Lililotuua ni maofisa. Ofisa wa leseni alikuja juu, anasema mwananchi ameingia, akampita yeye, akaenda kumwamkia karani kwa adabu zote. Sasa mtu atajulikana vipi?

Bwana Were akaniita. Nani aliagiza? Nikasema kamati. Akasema kamati inasema ni orodha. Nikasema orodha ilitokana na ushauri wa fundi. Akampigia Pritam pale pale. Pritam akasema yeye aliuliza, tena mara mbili. Mara ya pili siikumbuki kabisa.

Uamuzi: kesho mafundi wanakuja na misumeno.

Alhamisi, 9 Juni

Misumeno tangu asubuhi. Mikono ya viti imerundikwa uani, na wanawake wanaofagia wanaichukua kwa ajili ya jiko. Nilishindwa kutazama.

Lakini changu hakikukatwa. Nilikisukuma hadi stoo ya mafagio chini ya ngazi. Nanyama akanikuta katikati ya njia. Akauliza kama mafagio nayo yamechoka kusimama. Tumepatana: yeye hajaona kitu, na mimi namshikia zamu yake ya kaunta wiki nzima. Bei nzuri. Kesho nitakikalia upande upande, kama mtu mwenye shughuli nyingi, na mzee hatajua kwamba hakiingii chini ya meza.

Ijumaa, 10 Juni

Leo ndio ufunguzi, nami nilikuwa tayari mapema. Tai, kiti, faili kubwa kuliko zote. Mzee Mwendwa akaingia na Kanyiva, kofia mkononi. Akaangalia viti vya wenzangu. Akaangalia changu. Nikaona uso wake ukifunguka, na moyo wangu ukafurahi sana.

Hapo hapo Bwana Were aliingia akihema: kwenye hema la sherehe, huko nje, viti havitoshi. Akanitazama. "Ndeti, hii ilibaki aje?" Nanyama akakohoa. Nikasimama. Basi Were akamwona mzee amesimama pale, mvi na kofia, na Were, nakiri, alilelewa vizuri. Akamwamkia shikamoo. Akakifuta kiti kwa leso yake mwenyewe, akakibeba hadi hemani, akamketisha mzee karibu na mapazia ya zambarau ya mwenyekiti, yaliyotundikwa humo kwa siku hiyo. Kisha akanigeukia, akasema niwapelekee wageni chai.

Nilipita na sinia mbele ya baba mkwe wangu, naye amekaa kwenye kiti changu. Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee alichukua kikombe, akanitazama, akalitazama sinia. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Jumapili, 12 Juni

Jana usiku, baada ya kula, mzee aliuliza. Kama kile kiti alichopewa yeye ndicho changu, mbona nilinyang'anywa upesi hivyo? Na ofisa anabeba chai tangu lini? Kanyiva aliangalia sahani yake. Nafasi ya kusema kweli ilikuwa wazi kabisa, ningeweza kuingia nayo moja kwa moja.

Nikamweleza kwamba kwa cheo changu cha sasa mtu hapewi tena kiti. Kukaa ni kwa wadogo. Sisi tunazunguka. Na chai ya wageni wakubwa haiachiwi mtu yeyote tu, kuna mambo ya usalama.

Mzee alitafuna polepole. Kisha akajipiga paja. Akasema ndiyo, miaka yote ile hakuwahi kumkuta D.C. ameketi! Alikuwa njiani kila siku. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na macho yake yalikuwa na machozi.

Leo kwenye stendi ya basi ametangaza: mwisho wa mwezi anarudi na vijana wote wa ukoo waliomaliza shule, niwaandike kazi. Mama zao ameshawaahidi. Kanyiva aliniambia neno moja tu, "Utajijua."

Sioni shida. Mwisho wa mwezi Bwana Were yuko likizo, na ufunguo wa ofisi yake huachwa kwa Nanyama. Nitawahoji vijana mle ndani, mmoja mmoja, nikiwa nimesimama. Kesho nitamwuliza Nanyama anataka zamu ngapi za kaunta.