Nilivyosimama Katikati ya Domomwiko

Jumatano, 4 Machi
Mfamasia, yule mwenye sauti laini, kaniambia Jumapili atakwenda kinamasini ufukweni kutazama ndege wakila. Kauliza kama nawajua ndege wa majini. Nikajibu nawajua kama ndugu zangu. Uongo mtupu! Binamu yangu kinyozi, aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, akadakia kwamba yeye ana darubini. Kiherehere!

Alhamisi, 5 Machi
Alfajiri, kinamasini, kujifunza. Ukungu mwepesi. Yangeyange wananyata kama wageni wanaoogopa kuamsha mtoto. Domomwiko anafagia maji kwa mdomo wake bapa, kushoto, kulia, taratibu, kama anayejaribu kukumbuka wimbo. Nikasahau kilichonipeleka. Nikachelewa kazini. Mkuu wa stoo akauliza kama nilikuwa msibani. Nikasema ndiyo. Akanipa pole.

Ijumaa, 6 Machi
Mpango umeiva! Darubini ni ya watu wa mbali. Mimi nitajifunika matete, nisimame topeni, ndege wanizunguke. Mfamasia atanikuta mle, mmoja wao. Nimemwomba dada anishonee matete kwenye gunia. Kasema nimerukwa na akili. Ila kashona.

Jumapili, 8 Machi
Niliingia kabla mfamasia na binamu hawajafika. Ajabu! Kulasitara alidaka samaki karibu na goti langu. Domomwiko wakapita ubavuni, nikasikia maji yakichujika midomoni mwao. Mwanga wote mweupe kama maziwa. Nikasinzia wima, nikaota nina mabawa.
Kuamka, maji ya bahari yamejaa hadi kiunoni. Miguu imenasa! Nikapiga ukelele. Ndege wote wakaruka, anga ikawa nyeupe.
Mfamasia, ukingoni, akafoka: "Nani huyo kawafukuza?"
Binamu akaelekeza darubini. "Usijali," akasema, meno yote nje. "Ni ndugu yao."
Akaja kunivuta. Sina budi kukiri, alivuta kwa nguvu zote. Mfamasia akanifunika koti lake, akasema ningekufa pale. Halafu akaanza kucheka, hakuacha hadi barabarani. Walirudi pamoja, yeye na binamu. Mimi nyuma, peku.

Jumatatu, 9 Machi
Homa. Dada kaniapisha nikome. Nimeapa. Kisha nimejilaza dirishani, nikawaona yangeyange wakipita juu kimyakimya, na akili ikafunguka.
Kosa langu nimelijua. Nilisimama! Ndege gani asiyeshtushwa na mtu aliyesimama?
Jumapili ijayo nitalala.